Bomba Jipya Huoshwa Kwanza

Papa Anaclet, fundi wa bomba wa Nyalukemba, ana ubishi ambao wateja wake wameuzoea. Akimaliza kufunga bomba jipya, hakubali mtu achote hata kikombe kabla hajaliacha wazi robo saa nzima, uchafu utoke. Umlilie, umtukane, umwambie maji ni ya shida, yeye anakaa juu ya sanduku lake la vyombo akiyatazama yanavyokwenda. Amefanya hivyo miaka thelathini, leo Muhumba, kesho mtaa mwingine, na hakuna aliyewahi kumpa kazi ya kudumu.

Kwa hiyo patron Cyprien, tajiri wa kuuza viwanja, alipomwahidi ukuu wa kazi ya maji katika mji mpya aliokuwa akiujenga, mzee wa watu aliona Mungu amemkumbuka. Mji wenyewe ulikuwa kilima kilichochongwa juu ya Bukavu, vibao vya viwanja, nyumba moja ya mfano, na ramani yenye shule, soko na kiwanda cha kuajiri vijana. Anaclet angepata mkataba na mshahara wa kila mwezi. Mkewe, maman Eulalie, alikwisha kuwatangazia wanakwaya wenzake wote, na anayemjua Eulalie anajua maana ya kutangaza.

Siku mbili kabla ya wanunuzi wa viwanja kuja, Anaclet aliuliza pampu itafungwa wapi, maana ziwa liko chini kabisa na maji hayapandi mlima. Cyprien akacheka, akasema pampu itakuja viwanja vikishauzwa. Kwa sasa lori lingejaza tangi nyuma ya nyumba ya mfano, Anaclet afungue bomba kidogo, watu wapige picha, basi. Anaclet alirudi nyumbani na hasira, hata ugali ukamshinda. Eulalie aliposikia aliuliza kama wanunuzi wanajua. Hawakujua.

Siku ilipofika watu walijaa, na mbele yao alikaa maman Gisèle, mwalimu mjane aliyebeba akiba yake yote mkobani. Anaclet akafungua. Maji yakaruka, makofi yakapigwa, Cyprien akamwashiria afunge. Anaclet akachomoa mkono wa bomba, akautia mfukoni, akakaa juu ya sanduku lake.

"Papa Anaclet, funga," Cyprien alisema kwa sauti ya chini.

"Bomba mupya inaoshwa kwanza, patron. Weye mwenyewe unajua kazi yangu."

Kufikia dakika ya tano Cyprien alikuwa anatokwa na jasho kama mpagazi. Dakika ya tisa maji yakapungua, bomba likakohoa, likatema upepo, likanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu haikufika hata dakika kumi.

Maman Gisèle aliuliza maji yamekwenda wapi. Anaclet akamwonyesha tangi, akamwambia yaliletwa na lori asubuhi, na kile kiwanda cha kwenye ramani nacho kingengojea maji ya lori hilo hilo. Mwalimu akafunga mkoba wake akaondoka, na wengine wakamfuata.

Cyprien alimkimbilia Anaclet njiani, akamwambia ameua kazi yake mwenyewe: ukuu, mkataba, mshahara, vyote vimekwisha. Ilimuuma Anaclet, tusidanganyane. Lakini aligeuka, akamtazama usoni.

"Kazi ya kulinda bomba kavu, patron, hata mufu anaiweza. Mie niko muzima bado."