Sabuni Yenye Chapa ya Nairobi

Juzi, katika duka moja la Manzese, mama aliyekuwa mbele yangu aliomba kipande cha sabuni ya Kenya, kwa sauti ile ile tuliyoitumia sote kabla mpaka haujafungwa na sabuni hiyo kuwa magendo. Muuzaji alishusha kisu, akachungulia barabarani.

“Mama, hapa hakuna sabuni ya Kenya. Kuna sabuni tu.”

Akakata ncha ya mche yenye chapa ya Nairobi, akaiviringisha kwenye gazeti na kunisukumia mimi, akinidhania mpelelezi wa magendo.

“Nenda nayo, ndugu. Sitaki hela yako.”

Zamani hatukuuliza sabuni imevuka mpaka gani. Tuliangalia povu tu. Jioni ile mke wangu alinikuta uani nikifua mashati yaliyokuwa safi ili sabuni ile iishe upesi, na chapa bado inasomeka juu yake.