Matundu ya Chini kwenye Jiko la Mama

Jiko la mishikaki la mama ni pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufungwa juu ya miguu minne ya chuma. Baba alilitengeneza kwa kimo chake, na baba alikuwa mrefu. Miaka yote mama alichomea humo akiwa amepanda kreti la soda, mlangoni petu Malindi, na kila Ramadhani alimwomba amshushie kidogo. Baba alijibu, "Inshallah." Basi.

Alipofariki, jiko lilikaa uani likaliwa na hewa ya chumvi. Mwaka huu mama alitaka kuchoma tena, lakini magoti yake hayawezi tena kupanda kreti. Kazi ya kulishusha akanipa mimi, maana nimemaliza chuo na niko tu nyumbani.

Ilibidi nifungue bolti nne zilizogandishwa na kutu. Nilizitia mafuta ya breki, nikakaa kuzitazama. Nikilazimisha, moja itakatika. Ikikatika, nitatoboa. Nikitoboa, pipa limeshakuwa jembamba, litachanika, na hakuna kitu kingine nyumbani kilichotoka mikononi mwa baba. Kesho yake nikatia mafuta tena.

"Waifungua hiyo, au waiposa?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Nayaacha mafuta yaingie, mama."

"Yashaingia mpaka kwa jirani."

Akaja na kapu la vifuu vya nazi, akavimwaga ndani ya pipa, akawasha. Niliogopa moto utalimaliza jiko. Lilipopoa nikaingiza spana, na bolti tatu zikazunguka moja baada ya nyingine, zikilia. Ya nne ilikataa. Kichwa chake kilikuwa kimelika pembe, spana ikiteleza tu.

"Fundi gani huyu aliyeiharibu hivi?" nilisema kwa hasira.

"Fundi gani? Baba yako hakuruhusu mtu aliguse."

Niliikata kwa msumeno, miguu ikatoka, nikaanza kuisugua kwa brashi ya waya. Shubiri moja chini ya tundu la bolti palikuwa na tundu jingine, limezibwa na kutu na masizi. Mguu wa pili, vilevile. Yote minne.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Alichukua mguu mmoja akatia kidole kwenye tundu lile.

"Alishatoboa," alisema.

"Naona bolti ndiyo iliyomshinda, mama."

"Nami nikamwambia hanisikii. Mbele ya wageni." Akakitoa kidole, kimejaa masizi. "Akacheka tu."

Tangu siku ile najiuliza kama ilikuwa heri niyazibe matundu yale kwa rangi kabla mama hajayaona, nitoboe mengine, nikae kimya. Pengine baba naye alinyamaza kwa sababu aliona haya kushindwa na kipande cha chuma. Pengine alikuwa akisubiri apate spana nzuri zaidi. Nayageuza haya kila siku na hayafiki popote.

Nilitia bolti mpya kwenye matundu ya baba. Ncha za miguu sasa zimechomoza juu ya ukingo wa pipa, na mama hutundika hapo kitambaa chake cha mkono. Jioni ya kwanza ya mfungo alipanga mishikaki, akashika kipepeo cha moto, akainua mguu ili apande. Kreti halikuwapo. Mguu ulikaa hewani kitambo, kisha akaurudisha chini, polepole, akaanza kupepea.