Godoro la Pamba la Chatu Wetu

Chatu wetu alimeza godoro. Hakulimeza lote, alimeza kipande cha gunia chenye urefu wa mkono wangu, pamoja na pamba iliyoshonewa ndani yake na kuku aliyenasa humo. Niliona kwa macho yangu, mchana kweupe, nyumbani kwetu Didia. Nalisema hili mapema kwa sababu maneno yaliyozunguka kijijini baadaye ni kwamba mimi ndiye niliyetaka kumuua. Sikukubali maneno hayo wakati ule, na sasa nimezeeka bado siyakubali.

Nirudi nyuma kidogo. Baba yangu alikuwa mtu wa chama cha wacheza nyoka. Kwetu Usukumani chama cha namna hiyo kina dawa zake, nyimbo zake na nyoka wake, na kila mwaka pamba ikishavunwa vyama viwili hucheza uwanja mmoja siku moja. Anayejaza watu upande wake ndiye mshindi. Baba alipokwenda Geita kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu, aliniachia mimi chatu. Kaka zangu walikuwa machungani kutwa, nami nilikuwa sijaolewa, na nilimlisha yule chatu tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kufungia ndama. Baba aliniachia agizo moja tu: "Akikaa pakavu ataishi. Akilowa ataoza."

Alikaa ndani ya nyumba, katika kihenge cha zamani, lile kapu kubwa la kuhifadhia mtama, tulilolikandika udongo na kulifunika kwa ungo wenye jiwe juu yake. Kihenge hakikunipa shida. Shida ilikuwa nimtandikie nini. Nilianza na nyasi za kuezekea, zikaleta kupe, wakajificha chini ya magamba yake hata nikawa nawatoa kwa kijiti. Nikaleta mchanga wa mtoni. Ulikuwa safi, lakini ulimganda mdomoni kila alipokula, akawa anashinda akipanua taya kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Pumba za mpunga zilifaa kwa muda. Kisha akazilowesha, zikashikana, zikachacha zikanuka kama togwa ya juzi, na tumboni kwake yakatokea madoa mekundu. Hapo ndipo nilipoogopa. Chatu wa jirani yetu alianza na madoa yaleyale, akaishia kuoza ngozi akiwa hai.

Nilikuwa nimekwisha kutupa pumba, natafuta kitu kingine, ningi alipofika. Ningi ndiye kiongozi wa ngoma, mwenye kutunga nyimbo na kuwapigia wachezaji amri. Alikuja na wenzake watatu wa chama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akachungulia ndani ya kihenge. "Chatu wa watu wa pamba analala kwenye udongo mtupu kama mhogo? Wenzetu wakisikia, watatuimba mpaka masika."

"Bado namtafutia tandiko, baba."

"Tandiko tunalo. Ashonewe godoro la pamba."

"Pamba inashika maji. Na kuku akitupwa humo, kucha zitanasa kwenye gunia."

"Wewe binti unalalia nini?"

"Ngozi ya ng'ombe."

"Ndiyo maana maneno yako makavu."

Wenzake wakacheka. Mama, aliyekuwa akipepeta mtama barazani, hakuinua kichwa. "Mnamtandikia kama bwana harusi," alisema. "Mkimaliza, mtafutieni na mke."

Walishona. Lazima nieleze kwa nini, kwa sababu hawakuwa wajinga. Miaka ile pamba ilikuwa imeingia katika kila kitu chetu. Iliezeka mabati, ilinunua baiskeli, iliozesha binti za watu. Mtu aliyetaka kuheshimu kitu alikipa pamba. Walitumia pamba fifi, ile yenye madoa ambayo kituo cha kununulia hakiitaki, wakaijaza ndani ya gunia la zamani, wakaliingiza kihengeni. Nililitoa jioni ileile. Siku ya kumlisha, ningi alirudi akalikuta limeegemezwa ukutani, akalirudisha mwenyewe na kumtupia kuku kwa mkono wake mwenyewe. Kuku akanasa, akapapatika, gunia likachanika. Chatu akambana pamoja na tambara na kuanza kumeza. Chatu akishaanza kumeza hachagui. Ningi alisema, "Vuta!" Nikamkatalia. Meno ya chatu yameelekea kooni, ukivuta unamchana.

Kwa siku kadhaa alilala amevimba. Kisha akatapika vyote, na nyumba ikanuka hata mama akahamia jikoni. Ningi alifunika pua kwa kiganja akatoa hukumu.

"Mkono wa mwanamke huu. Kesho chatu namhamishia kwangu."

"Kwako ana nani wa kumwangalia?"

"Ana chama."

"Chama ndicho kilichomlisha gunia."

Mmoja wa wenzake alikohoa kuficha kicheko. Nami nikakaa mlangoni pa nyumba, na kesho yake nikakaa palepale, mpaka alipochoka kuja.

Tandiko nililipata sokoni Shinyanga. Wachuuzi walioshuka na lori kutoka upande wa Geita walifunga maharage yao kwa maganda makavu ya mgomba, yale mapana yanayobanduka kwenye shina. Wakishauza huyatupa. Niliyaokota, nikayaanika juani, nikayapanga kihengeni moja juu ya jingine kama mabati. Yalikuwa laini na makavu, makubwa mno kunata mdomoni. Likilowa moja nalitoa peke yake. Tena nikaanza kumlishia nje ya kihenge, kuku akiwa amekwisha kufa. Ningi alipita, akaangalia, akasema chatu hawezi kula akiwa amelalia takataka za wauza maharage. Kweli alikaa muda mrefu bila kula. Lakini madoa yalikauka, akajivua gamba zima bila kuchanika, kisha akala.

Alikula siku chache kabla ya mashindano. Ningi akatuma watu wamchukue.

"Ana kuku tumboni," niliwaambia. "Mkimbeba mabegani atatapika tena, na safari hii hatapona."

"Tuchezeje bila chatu?"

"Ningi ana mabega. Mbebeni yeye."

Walicheza na nyoka wadogo, na watu wakajazana upande wa pili. Ningi akanishitaki kwa wazee wa chama: kwamba nyoka ni mali ya chama na nimemzuilia. Wazee walikuja kwetu. Walimtazama chatu kwa muda mrefu, wakagusa yale maganda, mmoja akauliza yanapatikana wapi. Kisha wakabishana. Wengine walisema nyoka ni wa chama, kwa kuwa dawa iliyomtuliza ni ya chama. Wengine wakasema ni wa yule anayemweka hai. Jua lilikuwa limeshuka walipoinuka, wakasema watatuletea jibu.

Chatu alibaki kwetu. Jibu halijaletwa mpaka leo.