Siku Niliyomsingizia Ng'ombe wa Mama Hawo

Ningependa kuusimulia mkasa huu kwa namna itakayonionyesha kuwa mtu mwenye akili, lakini nimejaribu mara nne na kila mara ukweli hunirudisha palepale: mwaka wa tisini na nane nilisimama katikati ya Garsen, profesa wangu akiwa kando yangu, nikamvunjia heshima mama wa watu kwa kipande cha kioo.

Profesa wangu amejijengea jina katika uchumi wa madini ya thamani na wa vinywaji, masoko mawili ambayo wenzake huyaona hayana undugu wowote, nami nilijitapa kwamba nimegundua mahali yanapokutana: kwa kina mama wa Kiorma wanaouza maziwa Garsen, ambao faida ikipatikana huigeuza kuwa vikuku vya fedha. Nilitaka kujua ni maziwa kiasi gani yanayokaa ndani ya kikuku kimoja. Maziwa niliruhusiwa kuyapima kila asubuhi, lakini kikuku hakimtoki mwenyewe mkononi kwa ajili ya mgeni, na ilinichukua majuma sita ya kunywa chai na kujieleza hadi Mama Hawo, ambaye wauzaji wote humsikiliza, akakubali. Siku hiyo, mchana, wangenipa vikuku nivipime. Profesa alikuwa amesafiri kutoka Nairobi ili aone kama tasnifu ipo au haipo.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Asubuhi, chumbani, nilikishika kipimajoto changu nikajiuliza: nikibebe, kivunjike njiani mbele ya profesa, au nikiache? Nililipima jambo hilo kwa pande zote (hata pande ambazo halina), nikakiviringisha ndani ya soksi, nikakiacha kitandani. Maziwa ni maziwa, nikajiambia.

Tulipofika kwenye safu ya wauzaji, Komora, Mpokomo mwenye mkahawa ambaye hununua maziwa ya Mama Hawo kila siku, akanitania kwa sauti ya kusikika na wote: "Haya mwalimu, hiyo kioo yako yasemaje leo? Tusije tukanyweshwa mto Tana!"

Watu wakacheka, Mama Hawo mwenyewe akacheka, akanimiminia maziwa kwenye mtungi wangu mwembamba. Nikakitumbukiza kipima-maziwa, kile kioo chenye shingo ndefu ambacho huelea juu maziwa yakiwa mazito na huzama yakiwa mepesi. Kikazama. Nikakifuta, nikarudia, kikazama tena. Hapo ningeweza kunyamaza, lakini profesa alikuwa akiangalia, na mimi, badala ya kufikiri kama ilivyo desturi yangu ya kufikiri kupita kiasi, nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Yana maji."

Vifuniko vya vibuyu vikafungwa safu nzima, kimoja baada ya kingine. Mama Hawo akaushusha mkono wa nguo yake hadi vikuku vikafunikwa.

"Wewe nasema mimi natia maji?"

"Si mimi, mama. Ni kipimo."

"Kipimo iko na mdomo? Mimi nasikia wewe." Akainuka. "Kuja. Wote kuja."

Tukamfuata, wauzaji, Komora na taulo lake begani, profesa na viatu vyake vya mjini, hadi nyuma ya nyumba ya mwanawe, alikofungwa ng'ombe mmoja aliyeachwa nyumbani kwa ajili ya maziwa ya watoto. Ndama akaletwa, akanyonya kidogo, akavutwa kando, na Mama Hawo akakamua moja kwa moja ndani ya mtungi wangu mpaka ukajaa.

"Pima."

Nikapima. Kioo kikazama chini kuliko mara ya kwanza.

"Haya," akasema taratibu, "uliza ng'ombe alitia maji saa ngapi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Komora alilazimika kushika ua. Profesa hakucheka, aliinama sikioni pangu akauliza, "Kipimajoto kiko wapi?"

"Ndani ya soksi," nikajibu.

Wakati huo ndipo nilipoelewa, nami nilikuwa nimesoma jambo hilo darasani na kulifanyia mtihani: maziwa yenye joto huwa mepesi, na kipimo changu kilitengenezewa maziwa yaliyopoa, si maziwa ya ng'ombe aliye hai wala ya jua la Garsen. Siku zote nilikuwa nikipima joto kwanza, kisha nikisahihisha hesabu. Siku hiyo sikupima joto.

Nikamwomba Mama Hawo radhi. Akatikisa kichwa. "Hapa iko nyuma ya nyumba. Wewe sema pale, kama ulisema mara ya kwanza."

Nikarudi nikasimama mbele ya safu nzima, nikasema kwa sauti ileile: "Maziwa ya Mama Hawo hayana maji. Kosa ni langu, sikuyapima joto kwanza." Nilimaliza, nikaanza kukunja mizani ndogo niliyoileta ya kupimia vikuku, maana nilijua vikuku vimekwenda na tasnifu imekwenda.

"Unakunja nini?" akauliza Mama Hawo. Mkono wa nguo yake ulikuwa umepanda, vikuku vikionekana tena. "Lakini kwanza tujaribu hiyo mizani. Leo mimi siamini vitu yako."

Komora akaleta pakiti ya majani ya chai iliyoandikwa uzito wake, bado haijafunguliwa. Tukaiweka, mizani ikasema kweli, na Mama Hawo akavua kikuku cha kwanza akanipa mkononi. Wengine wakafuata, kila mmoja akidai kuiona pakiti ya chai kwanza.

Nimeuandika mkasa huu wote katika sura ya tatu ya tasnifu, pamoja na soksi, ingawa profesa alisema soksi si lazima. Ndiyo sura ninayojivunia kuliko zote. Na nimeapa kwamba kipimajoto hakitalala tena kitandani nikiwa kazini: kinakaa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na kila nikifika Garsen Mama Hawo hajibu salamu yangu mpaka nimekigusa kumwonyesha kwamba kipo.