Jiwe la Mama na Mkono wa Baba

Mama alikuwa ametimiza mwaka kaburini, na maombi yake ya kumbukumbu yalipangwa kufanyika Jumamosi nyumbani kwetu, mashariki mwa Thika. Kaburi lilikuwa limeshajengwa na kuwekwa vigae. Kilichobaki ni bamba la graniti lenye jina lake. Baba alitangaza mbele ya wanakikundi wa kanisa kwamba bamba hilo ataliweka yeye mwenyewe. Nyumba waliyoishi na Mama aliijenga kwa mikono yake, na vigae vya jikoni alivipanga yeye. Lakini tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia ulishika kikombe kwa shida, na wa kushoto haukuwahi kujifunza kazi.

Ijumaa asubuhi niliingia hadwea moja ya vifaa vya ujenzi Ruiru, karibu na ninapoishi, kutafuta bunduki ya kusukumia gundi. Muuzaji, mama mmoja mwenye leso kiunoni, aliuliza ni gundi gani. Nikamwambia ya mawe, ile nzito.

"Basi wacha hizo za mia mbili," akasema. "Hizo ni za silikoni. Gundi ya mawe itakukunjia hicho chuma cha kusukumia kama waya."

Akaweka mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na fremu nene, na ukiibonyeza mara moja chuma kinaruka mbele. Ya pili ilifanana nayo, ila kila ukibonyeza chuma kilisogea kidogo mno.

"Hii ya pili inaenda polepole, lakini ni nyepesi. Hata shosho wa miaka themanini anabonyeza. Ni nani atafanya hiyo kazi?"

"Mimi."

"Na kifua chote hicho! Beba ya kwanza, bosi, umalize mapema."

Niliibeba. Sikutaka kumweleza mgeni habari za mkono wa baba yangu, na kusema "mimi" kulikuwa rahisi. Nilipita Thika nikachukua bamba na mrija wa gundi kwa mchongaji, na saa nane nilikuwa nyumbani.

Baba alikuwa amekwisha kuosha kaburi na kulipangusa kwa kitambaa kikavu. Alikata ncha ya mrija wa gundi kwa kisu, mshazari, kama alivyofanya siku zote. Akashika bunduki, akabonyeza. Vidole vilikunjika nusu vikasimama. Akaegemeza kitako cha bunduki tumboni, akajaribu kwa mikono yote miwili. Ilitoka gundi kama punje ya mahindi.

"Hii imekwama," akasema.

Niliichukua nikabonyeza. Gundi ikatoka vizuri.

Nikajikuta nimemwambia kwamba dukani kulikuwa na nyingine nyepesi, na kwamba ningerudi kuibadilisha upesi.

"Uliiona?"

"Niliiona, Baba."

"Na ulijua mkono wangu."

Alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, akakaa ukingoni mwa kaburi.

"Weka wewe. Zungusha kando kwanza, halafu katikati. Usiweke nyingi, itamwagikia jina."

Nikaweka. Alinielekeza kwa sauti ya chini, akitazama shambani. Bamba lilipokaa aliligusa pembe zote nne, akasema limekaa sawa, akaingia ndani.

Kesho yake, baada ya maombi, mzee mmoja wa kanisa aliinama akalipapasa bamba.

"Aki mzee wetu, mkono bado iko! Kiharusi haikuweza wewe."

Watu wakapiga makofi. Baba alisubiri wanyamaze, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mfuko wa koti.

"Kazi ni ya huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Mimi nilipangusa tu vumbi."