Shingo la Sweta

Haidar Moosa alianguka mkarafuuni mwezi wa Septemba, saa nne za asubuhi. Tawi alilokwisha kulikanyaga mara mbili siku ile ndilo lililomvunjikia. Hakupiga kelele. Rafiki yake Ahmada, aliyekuwa akichuma naye mti uleule, alisikia kishindo tu. Alipotazama chini akamwona mwenzake kalala chali juu ya majani makavu, macho wazi, akiuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ahmada, miguu yangu iko wapi?"

Miguu ilikuwapo, ila haikuwa yake tena. Daktari aliyetazama picha ya eksirei alisema uti wa mgongo umekatika, na hakuna dawa ya kuuunga. Wakamrudisha kwa mama yake, Tibirinzi, wakamlaza chumba cha mbele, dirisha la barabarani. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Mkewe, Samah, alikuwa na mimba ya miezi minne, mimba ya kwanza.

Mama yake, Bi Mwatum, alikuwa mfumaji. Makochi mengi ya mtaani yalivaa vitambaa vyake. Sasa alikuwa akifuma sweta la mjukuu kwa uzi wa sufu wa kijani, ameketi ubavuni mwa kitanda cha mwanawe, lakini macho yalikuwa yameshaanza ukungu. Alihesabu tundu za mfumo kwa ncha ya kidole, akakosea, akafumua, akaanza upya. Haidar hakuwa na jengine la kutazama mchana kutwa.

"Mama, umeruka tundu mbili," alimwambia siku moja. "Pale nyuma, kabla hujageuza."

Bi Mwatum akapapasa, akakuta ni kweli. Akaichukua ile sindano ya kroshia akamtilia mkononi. "Basi fuma wewe. Mie sioni, na wewe mikono yako mizima."

Haidar alifuma kwa haya. Kila aliposikia mtu anabisha hodi, aliisukuma kazi ndani ya shuka. Wanaume waliokuja kumjulia hali walimkuta kakunja mikono kifuani, wakamwombea dua, wakaondoka. Ahmada ndiye aliyeuona uzi umening'inia kitandani. Akauvuta kidogo kidogo, mpaka mkono mmoja wa sweta ukatokeza, na wa pili nyuma yake.

"Wa ntoto?" aliuliza.

"Wa ntoto."

Ahmada akaugeuza huku na huku. "Huu na ule hailingani. Mmoja mrefu." Kisha akazungumza habari za bei ya karafuu, na Haidar akaendelea kufuma mbele yake.

Samah alimwogesha mumewe, akambadilisha, akamgeuza ubavu kila baada ya saa chache ili ngozi isioze. Tumbo lilipokuwa kubwa, kumgeuza kukawa kazi ya kushindana. Siku moja Desemba aliteleza, tumbo likapiga kwenye ubao wa kitanda, na jioni ile akaona damu. Damu ilikata. Lakini baba yake, Mzee Soud, alipopata habari alikuja kutoka Msuka siku ya pili.

"Mimba ya kwanza huzaliwa kwao," alisema. "Hilo ni la ada, hata usingekuwa na maradhi. Nampeleka kwa mama yake."

Haidar akakubali. Samah alimpangia nguo zake mahali atakapozifikia, akambusu mkono. "Arubaini ikiisha nitarudi," alisema.

Mtoto alizaliwa Februari, wa kike, wakamwita Khairat. Haidar aliambiwa kwa simu. Aliuliza nani kamwadhinia sikioni, akajibiwa ni babu yake. Akasema alhamdulillahi, akaigeuza simu kifudifudi juu ya mto.

Sweta lilikwisha siku za arubaini. Alilikunja, akalifunga kwenye kanga ya mama yake, akangoja. Arubaini ikapita. Aliyekuja ni Mzee Soud peke yake. Alivua kofia, akaivaa tena, kisha akasema alilokuja nalo: alikuwa akiomba talaka.

"Ni wewe unayetaka, au ni yeye?" Haidar aliuliza.

"Muulize mwenyewe."

Akampigia palepale. Samah alipokea, kitoto kikisikika kinalia nyuma yake.

"Sitaki kukuacha, Haidar," alisema. "Lakini kurudi siwezi. Nikikumbuka kile kitanda, mgongo wangu wauma."

Haidar akamwambia Mzee Soud, "Mleteni mwanangu nimwone. Nitaitoa mbele yenu."

Walikuja Jumamosi, mvua ikinyesha. Samah alikuwa kakonda. Alimweka mtoto kifuani mwa baba yake, akasimama kando ya mlango. Khairat alikuwa mzito kuliko Haidar alivyofikiri, na kichwa kikubwa cha duara. Akaomba kanga, akalitoa sweta, akamvisha kichwani. Halikupita. Shingo lilikuwa jembamba. Hakuwahi kupima kichwa cha mtoto mchanga, alifuma kwa kukisia. Alijaribu tena, mtoto akalia.

"Likate hapo mbele, nitalishonea kifungo," alisema Bi Mwatum.

"Likikatwa litafumuka lote." Haidar akamrudishia Samah mtoto. "Nipeni muda."

Akafumua shingo mpaka mabegani, akaanza upya kwa tundu nyingi zaidi. Hakuna aliyemwambia aharakishe. Mzee Soud alikaa kwenye kiti, akaitazama saa ya ukutani, akatoka kuswali alasiri, akarudi, akakuta bado. Samah alimnyonyesha mtoto, akamlaza. Kila safu mbili Haidar alinyoosha mkono kukipima kile kichwa, taratibu, asimwamshe. Mara moja vidole vyake na vya Samah viligusana, na hakuna aliyevitoa mpaka Haidar alipohitaji kuushika uzi.

Alipokata uzi, kiza kilikuwa kimeanza kuingia chumbani. Sweta likapita. Mikono ilimfunika Khairat mpaka kwenye ncha za vidole.

"Samah binti Soud, nimekuacha talaka moja," alisema Haidar. Samah akaziba uso kwa mtandio. Mzee Soud akasema, "Mungu akulipe." Wakaondoka kabla ya magharibi.

Waliwahi kumleta mtoto mara mbili tena. Samah alipoolewa, safari zikakoma. Masika ya pili Haidar alifanya kidonda cha mgongoni ambacho hakikuziba, na Bi Mwatum hakuwa na nguvu za kumgeuza. Ahmada akawa anakuja alfajiri na jioni kumlaza ubavu, mara wa kulia, mara wa kushoto. Haidar hakutaka tena kufuma. Uzi uliobaki mama yake aliugawa kwa jirani.