Maziwa ya Kwa Sadala

Katibu wa mdogo wangu alifika nyumbani Machame asubuhi, viatu vimejaa tope la kihamba chetu cha migomba. Mdogo wangu ni mbunge. Jumamosi ile chama kilikuwa na hafla ya chakula cha jioni hotelini Moshi mjini, na yeye ndiye angehutubia. Kabla hajasimama, mshereheshaji angesoma historia yake kwa ufupi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuhakikisha tu," katibu alisema, akafungua simu na kunisomea.

Alisoma kuhusu baba yetu aliyefariki mapema, mama aliyeugua mgongo, kahawa iliyoshuka bei. Yote kweli. Kisha akasoma kwamba mheshimiwa, akiwa mtoto, aliamka gizani, akajitwika ndoo ya maziwa na kuteremka kwa miguu hadi sokoni Kwa Sadala kuyauza, ndipo aende shule.

"Huyo nilikuwa mimi," nikamwambia.

"Mheshimiwa hakubeba?"

"Alikuwa amelala. Baadaye akaenda shule ya bweni."

Katibu alisema mabango yameshachapwa, na picha ya ndoo ipo. "Labda tuseme ni familia, mama."

Nikamwambia waseme watakavyo. Nilimkaribisha mtori, akamaliza bakuli zima. Alipoondoka nilisubiri hasira ije, haikuja. Nikaosha bakuli, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Darasa la saba mimi ndiye niliyetangulia kufaulu. Mama alituita jikoni akasema mmoja wetu lazima abaki na ng'ombe. Hakusema nani. Kulipokucha nikaamka, nikakamua. Mdogo wangu alipofaulu naye akaenda sekondari, kisha chuo. Siku alipoapishwa nilimwona kwenye televisheni ya jirani. Watu walipiga vigelegele wakanikumbatia, nami nikawa kama mtu anayepongezwa kwa harusi isiyo yake.

Ijumaa mdogo wangu akaja mwenyewe. Dereva alibaki barabarani. Akapita katikati ya migomba, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda alichokuwa akikalia mama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Katibu ameniambia." Alikuwa akizungusha pete kidoleni. "Dada, si tulikuwa nyumba moja? Maziwa yalikuwa yetu sote."

"Yalikuwa ya mama."

Nilidhani atasema wamefuta. Badala yake akasema, "Kutakuwa na wazee wa Kwa Sadala. Wataniuliza. Hebu nieleze ilikuwaje, nisije nikakosea."

Nikamweleza. Ngata ya kuwekea ndoo kichwani ilisukwa kwa majani makavu ya mgomba. Jani bichi liliwekwa chini ya mfuniko, maziwa yasimwagike. Kwenye mteremko wenye utelezi unakanyaga kwa vidole, si kwa kisigino. Mwenye mgahawa aliyeyanunua alikuwa akichovya kidole na kulamba kabla ya kupokea, na akihisi yametiwa maji, anayamwaga mbele yako.

"Na mikono?"

"Mmoja unashika ndoo. Mwingine unauficha kwapani upate joto, halafu unabadilisha."

Akainua mkono juu ya kichwa, shati lake jeupe likachomoka kwenye suruali. "Hivi?"

"Juu kidogo." Nikamsogeza kiwiko.

Tulikaa hivyo kidogo, yeye ameinua mkono, mimi nimemshika. Mwisho akaushusha.

"Umekasirika, dada?"

Nilijitafuta ndani nimjibu kweli. "Sijui," nikasema.

"Kesho utakuja? Nimekuwekea kiti meza ya mbele."

"Nguo yangu iko kwa fundi, kule Majengo."

"Dereva ataipitia."

Akaaga, akaondoka akinyanyua miguu asichafue viatu.

Jumamosi mchana dereva alileta nguo, akasema atarudi jioni kunichukua. Nilikamua mapema, nikaoga, nikaivaa. Fundi alikuwa ameipatia vizuri, haikunibana popote. Nikafunga mlango wa jikoni, nikakaa sebuleni kusubiri gari.